Je, Wajua? Tanuri la Wooster Street

Je, wajua kwamba piza zinazosifiwa sana Marekani hazitoki New York na Chicago peke yake? New Haven, mji wa bandari katika jimbo la Connecticut, una piza yake na jina lake. Wenyewe huandika "apizza" na kutamka "abiits", kwa lafudhi ya kusini mwa Italia waliyokuja nayo wazee wao.

Wajua wazee hao walifuata nini? Kazi. Wengi waliajiriwa katika kiwanda cha Sargent, watengenezaji wa vitasa na makufuli, wakapanga nyumba jirani katika mtaa wa Wooster Square.

Mmoja wa wahamiaji hao, Frank Pepe, alitoka Maiori, mji mdogo wa pwani ya Amalfi. Alifika Marekani mwaka 1909 akiwa na miaka 16, akarudi kwao kupigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha akarejea New Haven na mkewe Filomena. Mwaka 1925 alifungua mgahawa wa piza kwenye barabara ya mtaa huo, Wooster Street. Mpwa wake, Salvatore Consiglio, alifungua wake mwaka 1938 barabara hiyohiyo, hatua chache tu kutoka kwa mjomba. Unaitwa Sally's, na hadi leo wenyeji hubishana nani zaidi.

Je, wajua kwamba huko piza ya kawaida haina mozzarella? Ni unga, nyanya, mafuta ya zeituni na jibini gumu la kukwaruza, basi. Ukitaka mozzarella, uiagize. Tanuri ni la matofali, huwashwa kwa makaa ya mawe, na mpishi huitia na kuitoa piza kwa kibao chenye mpini mrefu. Inatoka imepinda umbo, kingo zimeungua madoa meusi. Mgeni hudhani imeharibika. Haijaharibika hata kidogo. Weusi ule ndio utamu wenyewe.

Na piza nyeupe ya kombe, wajua ilianzaje? Awali kombe wabichi waliliwa kama kionjo kabla ya chakula. Miaka ya 1960 wakahamia juu ya unga pamoja na kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni na jibini la pecorino, bila nyanya. Kwangu mimi hakuna piza inayonukia bahari kama hiyo.

Je, wajua kwamba mtaa huu nusura ufutwe? Miaka ya 1950 nyumba zilikuwa zimechakaa, na wapangaji wa barabara kuu ya I-91 walitaka kuipitisha katikati ya mtaa. Wakazi, wengi wao Waitalia, walikataa. Barabara ikasogezwa mashariki. Hata hivyo, si kila mtu aliyenusurika: familia nyingi zilibomolewa nyumba zao, na hilo lisisahauliwe kila tunapousifu ufufuo wa mtaa huu. Lakini kuzunguka bustani iliyo katikati ya mtaa nyumba za kale zilikarabatiwa badala ya kuvunjwa, na mwaka 1971 eneo likaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Miaka miwili baadaye ikapandwa micheri 72 ya Kijapani, ambayo kila masika huvuta umati wa watu.

Frank Pepe alifariki mwaka 1969. Mabinti zake wawili walishika usukani, kisha wajukuu. Tawi la kwanza nje ya New Haven lilifunguliwa Fairfield mwaka 2006, miaka 81 baada ya kuanza! Familia haikuwa na haraka, na kwa maoni yangu subira hiyo ndiyo iliyolinda ladha.

Kama una ndugu anayesoma Chuo Kikuu cha Yale, mwambie kwamba Wooster Street anaifikia kwa miguu. Aende mwezi wa Aprili micheri ikichanua, awahi kabla foleni haijatoka mlangoni, na aanze na ile ya nyanya tupu.