Pikapu yainuliwa, difu yabaki palepale

Ukipita gereji za jua kali siku ya Jumamosi, iwe ni Kariobangi au Kiserian, hutakosa kuona pikapu kuukuu imepandishwa juu ya mawe na magogo, magurudumu yametolewa, na mwenyewe amesimama kando mikono kiunoni kama mtu anayejengewa nyumba. Ukimwuliza afanya nini, atakujibu kwa fahari: "Naiinua." Maana yake ataka gari lake lipite njia ambazo magari ya wenzake huziogopa: mawe ya Baragoi, mchanga wa laga za kaskazini, au ule mwinuko mkali wa Nguruman, ng'ambo ya Magadi.

Wala si ajabu kuwa gari linalochaguliwa ni kuukuu. Toyota Hilux za miaka ya 1980, zile ambazo magurudumu yote manne huvuta, zina ekseli ngumu ya kipande kimoja mbele na nyuma, na springi za majani, kama lori dogo. Land Cruiser za pikapu zilizofuata baada ya 1984 nazo zilikuwa hivyo hivyo, mpaka zilipotiwa springi za koili mbele mwaka 1999. Ndani yake hamna kompyuta ya kununa. Fundi yeyote mwenye spana na nyundo aweza kuzifungua chini ya mgunga na kuzifunga tena. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane, hizi zilizobaki hupita mkono hata mkono kama ng'ombe wa mahari.

Rafiki yangu mmoja alinunua Hilux ya namna hiyo kwa mchuuzi wa mbuzi huko Kajiado. Ilikuwa bado inanuka mbuzi. Wakwe zake wako juu ya milima ya Loita, naye alikuwa amechoka kuacha gari chini na kupanda kwa miguu. Akaipeleka gereji fulani, ambayo sitaitaja. Fundi akaizunguka mara moja, akasema, "Mdosi, hii niachie mpaka jioni."

Jioni hiyo pikapu ilikuwa imepanda karibu inchi nne. Mbele, fundi alikuwa ameongeza jani nene la springi ya lori kila upande. Nyuma aliingiza vipande vya chuma baina ya ekseli na springi, akavibana kwa yubolti ndefu. Ilipotoka pale, hata watoto wa shule walisimama kuitazama. Rafiki yangu alilipa bila kupunguza hata shilingi, jambo ambalo si desturi yake.

Yale asiyoyaona mtazamaji

Sasa msomaji, tuiname kidogo tuangalie chini ya gari hilo. Kilichoinuka ni nini? Ni bodi na chesisi. Difu, lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, halikuinuka hata ukucha, kwa maana ekseli hukaa juu ya magurudumu, si juu ya springi. Jiwe lililokuwa likiigonga difu asubuhi litaigonga vilevile jioni. Anayetaka kuinua difu hana budi kuongeza ukubwa wa tairi, na hapo hesabu ni ya ubahili. Tairi ya 205R16, ambayo Hilux nyingi zilikuja nayo, ina kipenyo cha sentimita 73 hivi. Ile ya 7.50R16 ya Land Cruiser ina kama 81. Lakini difu hupata nusu tu ya tofauti hiyo, yaani sentimita nne kasoro. Tena mambo mengine huharibika: kipimo cha mwendo kikisema 80, gari lakwenda 88, na injini huona mlima umekuwa mrefu zaidi.

Jani la lori nalo ni mgeni asiyejua adabu za nyumba. Lilikusudiwa kubeba tani kadhaa. Chini ya pikapu tupu halipindiki. Gari likiingia kwenye korongo kwa mshazari, gurudumu la mbele halishuki kutafuta ardhi bali laning'inia hewani, na gurudumu lililo hewani halivuti kitu. Nadhani hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanafikiri njia mbaya hushindwa kwa kimo, kumbe hushindwa kwa miguu minne kuishika ardhi wakati wote. Na kimo kikizidi huku upana wa magurudumu ukiwa uleule, gari hupinduka kwenye mteremko wa pembeni ambao zamani lingeupita likisinzia.

Mteremko wa Nguruman

Rafiki yangu alipanda Loita salama. Wakati wa kushuka alikuwa na mkewe kando yake, na nyuma taniboi na magunia mawili ya viazi. Katikati ya mteremko kuna mahali ambapo mvua imechimba njia kwa mshazari. Gurudumu la mbele likabaki hewani kwa ule ugumu wa jani la lori, kwa hiyo msokoto wote ukaiangukia ekseli ya nyuma. Nayo ilikuwa tayari imesukumwa chini na vile vipande vya chuma. Mpira wa breki unaotoka chesisi kwenda kwenye ekseli haukuwa umerefushwa. Ukakatika.

Alikanyaga breki, pedali ikazama karibu na sakafu. Breki za mbele zilibaki na nguvu kidogo, na bahati njema alikuwa katika gia ya kwanza ya gia ndogo, hivi kwamba injini yenyewe ililishika gari. Taniboi aliruka na kutia jiwe mbele ya gurudumu, kisha jiwe la pili, na hivyo wakashuka jiwe baada ya jiwe mpaka chini. Mkewe hakusema neno mpaka Magadi. Hapo akauliza tu zile inchi nne zilikuwa za kazi gani.

Huenda picha za Rhino Charge zimechangia. Shindano hilo lilianza 1989 kuchangia ua wa umeme wa Aberdare, ua wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009. Si mbio za kasi. Katika saa 10, hushinda yule aliyevifikia vituo vyote kwa njia fupi kuliko wenzake, hata kama ni kupita kwenye genge. Magari yake huonekana marefu na ya kutisha, lakini picha hazionyeshi vyema fremu ya mabomba inayowakinga watu gari likipinduka, wala miezi ya kazi iliyofanyika chini. Vijana huiga kile kimo tu.

Pikapu yenyewe ilipelekwa kwa mzee mmoja anayefanya springi peke yake. Hakuichoma kwa moto, maana jani lililochomwa ovyo hupoteza ugumu wake na kulala baada ya mwezi. Alitoa takataka zote, akaweka majani membamba mengi badala ya machache manene, gari likapanda sentimita tano basi. Akarefusha mipira ya breki, akaweka shokomzoba zinazolingana na urefu mpya, akapima pembe ya propela ili misalaba yake isisagike. Na vile vipumulio vya difu akavivuta kwa bomba hadi juu ya injini, kwa kuwa difu iliyopata moto ikiingia mtoni ghafla hunywa maji. Tairi akapendekeza 7.50, akisema, "Hii, kijana wangu, utaipata hata Maralal."

Kazi ilichukua siku nne, na watoto wa shule hawasimami tena kuitazama. Mwezi uliopita ilipanda Loita na kurudi, mama watoto akiwa amekaa mbele kama kawaida. Vile vipande vya chuma vimebaki kwake nyumbani, vinazuia mlango wa banda la kuku.