Cha Nani Hiki?

Haya, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio. Leo kuna nyumba inataka kuuzwa, lakini kwanza inabidi itapike.

Nyumba yenyewe tuiweke Ngamiani, mjini Tanga, kule ambako mitaa inaitwa kwa namba: Barabara ya 5, ya 6, ya 7. Ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma wenye jiko na stoo. Babu na Bibi wamekaa humo tangu baba zenu hawajaota meno. Sasa magoti yamechoka. Binti yao mkubwa yuko Muheza, kwenye michungwa, naye amesema, "Njooni mkae kwangu."

Babu akamleta dalali siku ile ile. Dalali akachungulia ndani, akaguna. "Shikamoo Bibi. Mzee, nyumba nzuri hii, ila mteja akiingia ataona makorokoro, nyumba hataiona." Alisema kweli. Ukumbini kulikuwa na baiskeli isiyo na magurudumu. Uvunguni mwa kitanda kulijaa madumu matupu. Stoo ndiyo usiseme: mlango ulifunguka nusu tu, nusu nyingine ilikuwa inasukumwa na vitu kutoka ndani.

Jumapili wakakusanyika wote. Mama Mkubwa alifika kutoka Muheza na magunia matupu kwapani, na kazi yake ilikuwa neno moja: "Tupa!" Jiko la mchina limeoza, tupa. Sanduku la bati limetoboka, tupa. Bibi akaweka mkono juu ya sanduku. "Hapa hakitoki kitu mpaka kiulizwe swali. Cha nani hiki?"

Mngekuwa nyinyi mngeuliza kama kinafaa ama hakifai, sivyo? Hata Mama Mkubwa aliuliza hivyo. Lakini ukianza na kufaa, kila mtu atatupa vya mwenzake na kubakiza vyake. Nimeona ndugu wakinuniana kwa ajili ya pasi ya mkaa.

Na msidhani ni ukaidi wa kizee. Hata nyumba yenyewe ina swali hilo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inasema mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila mke kuridhia, wala mke bila mume, hata kama nyumba ni ya mmoja wao. Babu alikuwa ameleta dalali kabla ya kusema neno ndani. Ikabidi akohoe kidogo mlangoni, avue kofia, aombe. Bibi alimkubalia, lakini baada ya chai.

Ndani ya sanduku la bati, chini ya risiti za maji na vyeti vya ubatizo wa panya (maana panya walikuwa wamevila vyote), palikuwa na bahasha ya kaki. Hati ya nyumba! Magunia ya Mama Mkubwa yangeimeza. Tangu hapo kila karatasi ilisomwa kabla ya kwenda popote.

Kando ya bahasha, kopo la sarafu. Wajukuu wakazigombania: senti tano yenye samaki sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura. Ni fedha zilizoanza mwaka 1966, Tanzania ilipopata shilingi yake yenyewe. Leo hazinunui hata pipi. Babu alizidai, halafu akazigawa.

Vyuma vilimngoja kijana wa chuma chakavu, mwenye mkokoteni na mizani. Mtazameni anavyopanga: masufuria na vifuniko vya alumini upande wake, baiskeli na vyuma vya kitanda upande wake. Anajua anachofanya. Alumini inayeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, na moto wa mkaa unaopulizwa vizuri unafika hapo, kwa hiyo fundi wa uani anaweza kumimina sufuria jipya kutokana na la zamani. Chuma kinataka nyuzi zaidi ya 1,500. Hicho kinakwenda kiwandani kwenye tanuru, na kinaweza kurudi mjini kikiwa nondo.

Televisheni ya chogo ilileta ugomvi. "Bado inaonyesha," Babu akasema. Inaonyesha mvua tu, tena kwa sauti. Mjukuu mmoja akataka kuipasua aone watu wanakaa wapi. Asithubutu! Kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Tena ndani unaweza kubaki umeme hata ikiwa imechomolewa. Fundi redio wa jirani ndiye aliyeichukua, kwa ajili ya vipuri. Babu alikwenda kuitazama mara kadhaa, kama mtu anayemtembelea mgonjwa.

Kisha kabati kubwa likasogezwa, na nyuma yake, loo, mchwa wamepanda ukutani mpaka kwenye kenchi. Dalali akanong'ona, "Lirudisheni kabati. Mteja akishalipa, ni tatizo lake." Bibi akamtazama hadi dalali akaanza kujifuta jasho. Kabati halikurudi. Fundi aliitwa, mbao zilizoliwa zikabadilishwa, na mteja alipokuja alioneshwa mahali penyewe. Aliomba apunguziwe bei, akapunguziwa. Babu alinung'unika siku nzima. Mimi nasema ile ndiyo hela iliyotoka vizuri kuliko zote.

Vilibaki vitu visivyojibu swali la Bibi. Kinu kimoja, sinia kubwa, ngazi ya mbao. Hakuna aliyevikumbuka. Bibi akafikiri, akapiga kofi pajani: vya majirani! Kinu kiliazimwa harusi ya Mama Mkubwa. Watoto wakatumwa nyumba kwa nyumba kuvirudisha, na salamu na samahani.

Huku kirikuu cha kwenda Muheza kimeshapakiwa, turubai limefungwa, dereva anapiga honi. Mara wakatokea majirani barabarani, kila mmoja kabeba kitu. "Jamani Bibi, tumekumbuka, mbuzi yako ya kukunia nazi!" "Na beseni lako!" "Na viti hivi vya msiba ule!" Dereva akashuka, akahesabu viti kwa kidole, akaanza kufungua kamba.