Maswali ya biashara ambayo kanisa linayakwepa

Mama mboga wa Ogwedhi hahitaji semina ya kujikagua. Jioni anapiga hesabu: nimenunua kwa ngapi, nimeuza kwa ngapi, na yule mteja wa sukuma wiki mbona leo hakuja? Asipojiuliza, mtaji unakatika.

Sasa hebu peleka maswali hayo kwenye kikao cha vijana kanisani. Utasomewa ripoti: kesha mbili, mkutano wa injili, harambee ya spika. Sawa, hizo ni shughuli. Matokeo je?

Peter Drucker, mzaliwa wa Austria aliyefariki 2005, ndiye aliyefundisha kampuni nyingi za Marekani kujiuliza. Hakuishia huko. Alishauri pia makanisa, na mchungaji Rick Warren wa California alikuwa mmoja wa waliomwendea. Maswali yake ni matano tu: Lengo letu ni nini? Mteja wetu ni nani? Anathamini nini? Matokeo yetu ni yapi? Mpango wetu ni upi?

Neno "mteja" linakera kanisani, na acha likere, kwa sababu injili haiuzwi. Lakini hata ukisema "tunamtumikia nani?", swali linabaki na makali yake. Tuseme ukweli: programu nyingi za vijana zinamhudumia aliye ndani tayari, anayejua nyimbo zote. Jamaa wa boda pale stejini, au kijana aliyeenda Macalder kuchimba dhahabu, hata hatajwi.

Waliotangulia walilijibu swali hili kwa jasho. Mwaka 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland (Malawi ya leo), walianzisha kituo cha Waadventista pale Gendia, Homa Bay. Carscallen alilazimika kujifunza Dholuo. Je, sisi tumejifunza lugha ya nani? Ogwedhi iko karibu na mpaka wa Migori na Trans Mara, na sokoni unakutana na Mjaluo na Mmaasai. Ibadani unawakuta wote?

Kuna mahali hesabu za biashara zinagonga mwamba, lakini. Mchungaji anayeacha kondoo 99 kutafuta mmoja angefutwa kazi na mhasibu yeyote. Mfugaji wa hapa kwetu angemwelewa mara moja. Kwa hiyo idadi ya waliohudhuria isiwe kipimo pekee. Muhimu ni nani amebadilika, na nani amepotea bila mtu kumpigia simu.

Drucker alikuwa na swali jingine, gumu kuliko yote: kama jambo hili tusingekuwa tunalifanya tayari, tungelianzisha leo? Liulize kuhusu kesha. Liulize kuhusu kamati uliyomo, hata kuhusu maombi yako ya asubuhi unayoyasoma kama risiti. Kwenye kikao kijacho, kabla hamjapanga mchango mwingine, kila mmoja ataje kitu kimoja cha kuacha.