Baiskeli ya kukunja yenye mota: Kwa nini betri ndiyo huamua safari

Tangu tarehe 31 Machi 2025, abiria hawaruhusiwi kuingia na baiskeli za umeme katika treni za chini ya ardhi za London na katika treni nyingine nyingi zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, Transport for London. Katazo hilo lilikuja mwezi mmoja baada ya baiskeli ya umeme kuwaka moto katika kituo cha Rayners Lane, kaskazini-magharibi mwa jiji. Aina moja tu iliachwa: baiskeli ya kukunja, ilimradi imekunjwa. Mamlaka ilieleza kuwa baiskeli za aina hiyo hazielekei sana kuwa zimegeuzwa kwa vifaa vya kuongezea mota.

Hata hivyo wapo wanaozigeuza, hasa wapenzi wa safari ndefu.

Mvuto wake unaeleweka. Msafiri hupanda treni kutoka London hadi bandari ya Harwich, huvuka bahari usiku kwa feri hadi Hoek van Holland nchini Uholanzi, na asubuhi hujikuta kwenye ncha ya EuroVelo 15, njia ya baiskeli inayoufuata mto Rhine kwa zaidi ya kilomita 1,200 hadi milima ya Uswisi. Akichoka au mvua ikimzidi, huikunja baiskeli yake na kupanda treni. Reli za Uholanzi na treni za masafa marefu za Ujerumani huihesabu baiskeli iliyokunjwa kuwa mzigo wa mkononi, bila nauli ya ziada. Kinachobaki kumsumbua ni upepo wa mbele, mizigo na vilima, na hayo ndiyo anayoyatafutia mota.

Kazi ya ufundi

Vifaa vyenyewe ni vichache: gurudumu lenye mota katika kitovu chake, kidhibiti cha umeme, kihisi cha pedali, betri na chaja. Katika baiskeli kama Brompton, iliyobuniwa London na Andrew Ritchie katika miaka ya 1970, mota hufungwa kwenye gurudumu la mbele, kwa sababu nyuma kuna gia na sehemu inayojikunja. Betri hukaa katika mkoba ulio mbele ya usukani na hung'olewa kwa urahisi.

Vipimo ndivyo huwakwamisha wengi. Uma wa mbele wa Brompton una nafasi ya milimita 74 baina ya ncha zake, ilhali uma wa baiskeli za kawaida una milimita 100. Mota isiyotengenezwa kwa ajili yake haiingii, na kuutanua uma kwa nguvu ni kuudhoofisha. Aidha, mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli yake husukumwa kuzunguka kinyume. Isipobanwa kwa kipande cha chuma cha kuizuia, huweza kuzilegeza ncha za uma hadi gurudumu likachomoka.

Gurudumu dogo lina faida yake pia. Kwa nguvu ileile ya kuzungusha, gurudumu la inchi 16 huisukuma baiskeli kwa nguvu inayozidi mara moja na nusu ile ya gurudumu kubwa la baiskeli za barabarani. Ndiyo maana mota ndogo hutosha.

Hesabu ya nishati

Betri ya volti 36 na ampea-saa 7 hubeba takriban wati-saa 250. Tuseme msafiri, baiskeli na mizigo kwa pamoja ni kilo 100. Kupanda mwinuko wa mita 500 huhitaji wati-saa 136 za kazi halisi. Kama mota ingeifanya kazi hiyo peke yake, pamoja na nishati inayopotea kwa joto, betri ingetoa karibu wati-saa 180, yaani takriban robo tatu ya akiba yote. Katika tambarare za Uholanzi, kwa msaada wa wastani wa mota, betri hiyohiyo huweza kumfikisha kilomita 30 hadi 50.

Jibu linalokuja haraka ni kununua betri kubwa zaidi. Lakini Brompton ya chuma, yenye uzito wa kilo 11 au 12, hufikia kilo 16 hivi baada ya kufungwa mota na betri, na kilo hizo zote hubebwa kwa mkono ngazi za vituo zinapokosa lifti.

Usafiri wa ndege una masharti makali zaidi. Betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 huruhusiwa kubebwa ndani ya ndege, na zile za wati-saa 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Zinazozidi hapo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Hivyo anayetaka kurudi nayo Nairobi au Dar es Salaam ataweza kusafiri na baiskeli, lakini betri ya wati-saa 250 ataiacha.

Sheria mpakani

Umoja wa Ulaya na Uingereza zina kanuni zinazokaribiana. Mota isizidi wati 250 za kudumu, isaidie tu pale pedali zinapozungushwa, na ikatike mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Ikikidhi masharti hayo, baiskeli hubaki kuwa baiskeli. Vifaa vingi vinavyouzwa mtandaoni huwa na mota kubwa zaidi au kitufe cha kuiendesha bila kukanyaga pedali. Nchini Ujerumani, baiskeli inayojiendesha yenyewe kwa zaidi ya kilomita 6 kwa saa huhesabiwa kuwa chombo cha moto, kinachohitaji kibali na bima. Mwendeshaji asiyekuwa navyo akimgonga mtu, huenda akalipa fidia kutoka mfukoni mwake.

Hatari ya moto

Seli za lithiamu zilizopata hitilafu huweza kupashana joto moja baada ya nyingine hadi zikawaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Kikosi cha zimamoto cha London kimekuwa kikionya kuhusu vifaa vya kugeuzia baiskeli, betri na chaja vinavyonunuliwa mtandaoni. Tahadhari za msingi ni tatu: kununua betri na chaja zilizotengenezwa kutumika pamoja, kutochaji wakati watu wamelala au kwenye njia ya kutokea, na kutoitumia tena betri iliyoanguka, kuvimba au kuingia maji.

Kwa mwenye baiskeli iliyogeuzwa, tahadhari hizo zinagusa zaidi ya usalama wake. Ruhusa inayomwingiza katika treni za London imejengwa juu ya dhana kwamba baiskeli za kukunja ni nadra kugeuzwa. Moto mmoja ndani ya behewa ungetosha kuitilia shaka dhana hiyo.