Programu: kuonyesha kazi mapema njo dawa

Wazazi wengi wa kambini wako na mtoto anayesoma enformatiki, na wanajiuliza kazi ile inaendeshwaje. Tuchukue mufano moja wa Marekani.

FBI, polisi ya upelelezi ya kule, ilitaka kuacha makaratasi na kuweka faili za kesi zake ndani ya ordinatere. Programu ya kwanza iliandikwa miaka, na haikufika kutumika. Mwaka 2005 wakaitupa. Karibu dola milioni 170 zilikuwa zimekwisha kuliwa. Wakaanza mradi mwingine, jina lake Sentinel. Ule nao ukachelewa.

Mwaka 2010 FBI ikachukua kazi mikononi mwake na kubadilisha namna ya kuifanya. Ikafuata ile inaitwa ajile: ekipe ndogo, kazi imekatwa vipande vipande. Kila juma mbili ekipe inaonyesha mbele ya watu kile kinatembea kweli. Kisichotembea, hakihesabiwi. Julai 2012 Sentinel ikaanza kutumika.

Lakini tusidanganyike: si mikutano njo iliponyesha kazi. Kuna ekipe zinasimama kila asubuhi dakika 15, kila mutu anasema "inaenda", wanarudi kukaa. Ule ni mchezo tu. Mukutano unasaidia siku mutu anaweza kusema "hapa nimekwama" bila kuogopa shefu.

Sisi watu wa mugodi tunalijua jambo hili. Kapita wa zamu ya usiku akificha ufa aliouona juu ya shimo, ni ndugu wa zamu ya asubuhi ataangukiwa na jiwe. Kwenye programu jiwe halianguki, lakini franga zinaanguka, na mishahara nayo.

Basi ekipe inayotaka kuendelea ifanye mambo matatu. Imalize kazi moja mbele ya kufungua ingine. Ionyeshe kazi kwa wale watakaoitumia, sio kwa shefu peke yake. Na kila kisha juma mbili ikae, ichague jambo moja tu la kubadilisha, halafu juma mbili zingine iangalie kama lilibadilika kweli. Wakiandika mambo kumi ukutani, hakuna hata moja litatendeka.

Na ninyi wazazi, mutoto akirudi jioni, musimuulize tu kama kazi imeisha. Mumuulize nani ameiona.