Kiwanja cha marehemu Mtumba: Baba mdogo anauza, sisi tunatazama?

Ukiwa na kiwanja Mtumba siku hizi wewe ni mtu! Marehemu baba aliponunua chake watu walimcheka, eti kaenda kulima mibuyu. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza Serikali inahamia Dodoma, Aprili 2019 akazindua Mji wa Serikali pale pale Mtumba, kicheko kikaisha. Baba hakuufaidi utamu wake, akatutoka.

Kikao cha ukoo kikampendekeza baba mdogo awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya wilaya ikampa barua. Mwaka wa pili huo, Jumamosi moja namwona kashuka kwenye Prado na jamaa mmoja, wanavuta futi kamba mpaka kwenye banda la kuku la mama.

"Shikamoo baba. Vipi tena?"

"Marahaba mwanangu. Nauza, halafu nawagawia."

"Bila sisi kusaini?"

Akacheka, akanionyesha barua.

Nikakimbilia kwa wakili nikijua nimemkamata. Kumbe nimekamatwa mimi! Nilidhani msimamizi ni kama mlinzi wa geti, kazi yake kulinda tu. Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, inampa madaraka ya kuuza nyumba na ardhi sawasawa na mdhamini aliyekabidhiwa mali ya wenzake ili aiuze kwa faida yao. Na Mahakama ya Rufani ilishasema halazimiki kupata idhini ya kila mrithi. Nilinyong'onyea, bwana!

Wakili akanipa maji, akaendelea. Jina lake litaandikwa kwenye hati, ndiyo, lakini kama mwakilishi wa marehemu. Mali si yake. Akiifuja, anailipa kutoka mfukoni mwake. Ndani ya miezi sita apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, ndani ya mwaka mmoja hesabu yote (waliofungulia Mahakama ya Mwanzo, hesabu ni miezi minne). Akipuuza bila sababu, barua zinaweza kufutwa. Na akijiuzia mwenyewe, au kwa kupitia mgongo wa mtu, mrithi anaweza kuomba mauzo yatenguliwe.

Hapo akili ikanicheza. Huyo wa Prado ni nani? Nikaulizia mtaani. Shemeji yake baba mdogo!

Sasa, kuwa shemeji si kosa, na ushahidi kwamba fedha ni za baba mdogo sina. Tukaomba kuona jalada. Orodha hamna, hesabu hamna. Mama, dada na mimi tukapeleka maombi, mahakama ikamwita ajieleze, mauzo yakasimama kwanza.

Jumapili kaja kama kawaida, tumekula naye ugali wa mtama kwa mlenda. Kiwanja hakuna aliyekitaja. Ila nilipomsindikiza, akaniuliza kwa sauti ya chini: hivi ile fomu ya orodha ya mali inapatikana wapi?