Picha Ndogo za Waimbaji wa Zamani

Msomaji mpenzi, wewe uliye Ringwani, fungua ule mkebe unamoweka picha za ubatizo na za harusi. Humo utaona jamaa na marafiki tu. Lakini zamani za Malkia Victoria watu wa Uingereza walijaza albamu zao kwa picha za watu wasiowajua kabisa, hasa waimbaji na waigizaji wa jukwaani.

Kazi hiyo ilianza Paris. Mwaka 1854 mpiga picha Disdéri alijiandikishia haki ya ufundi wa kupata picha nyingi ndogo juu ya kioo kimoja. Bei ikashuka. Kila picha ilibandikwa juu ya kadi ngumu, upana kama sentimita 6 na urefu 10, ikauzwa dukani. Hivyo uso wa Ellen Terry au wa Sarah Bernhardt ulijulikana hata na watu wasiowahi kuingia katika nyumba ya michezo.

Kwetu Afrika ya Mashariki picha ya zamani hizo ijulikanayo sana si ya mwimbaji, ni ya Sayyida Salme, binti Sultani wa Unguja, aliyepigwa Hamburg katika mavazi ya kwao.

Waimbaji walitoka kusini. Mwaka 1891 vijana wa Afrika ya Kusini, wengi wao wanafunzi wa shule za misioni, walikwenda Uingereza kuchanga fedha za shule ya ufundi. Kundi lao liliitwa African Choir. Waliimba mbele ya Malkia huko Osborne, wakapigwa picha na London Stereoscopic Company. Watazamaji walipenda kuwaona na ngozi. Basi nusu ya tamasha wakavaa hivyo, na nusu nyingine nguo za Kizungu. (Nani wa Mara aendaye kwaya na ngao?) Mwishowe fedha ziliwaishia, wengine wakakwama London.

Mmoja wao, Charlotte Manye, baadaye alisoma Marekani, akapata digrii Wilberforce mwaka 1901, akarudi kuwatetea wanawake wa kwao. Vioo vya picha zao vilikaa ghalani zaidi ya miaka 120, hata picha zilipoonyeshwa London mwaka 2014.

Nawe kama unayo picha ya mpiga litungu wa kijiji chako, igeuze. Ikiwa nyuma hakuna jina, muulize bibi angali hai, uandike kwa kalamu ya risasi, polepole. Wino hupenya hadi usoni.